Projekti ya Video Imegoma Kufunguka: Isome Kwanza, Usiizike

Kila muhula, wiki ya kukusanya kazi ikikaribia, kuna sentensi moja inayozunguka hosteli nzima: "Projekti imegoma kufunguka." Zamani ilikuwa sentensi ya watu wa habari na filamu. Siku hizi hata sisi wa ualimu tunaisema, kwa sababu asaimenti za kurekodi kipindi, kukikata na kukiwasilisha kama video zimekuwa za kawaida. Umekaa usiku tatu unapanga klipu, umeweka maandishi, umepunguza kelele za feni. Asubuhi unabofya mara mbili, inakuja meseji ya ajabu, au haiji meseji yoyote.

Mimi sijasomea kompyuta. Nina miaka 22 na nasoma shahada ya ualimu, mwaka wa tatu. Ila nimekuwa nikiediti video za vipindi vya majaribio vya darasa letu tangu mwaka wa kwanza, na nimeshaitwa kwenye vyumba vingi kuangalia projekti zilizogoma. Nilichokiona ni hiki: projekti nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa bado zinapumua. Kinachozimaliza ni zile dakika kumi za mwanzo, mwenyewe anapobofya kila kitu kwa hofu. Somo la leo linahusu dakika hizo kumi na zinazofuata.

Faili la projekti ni andalio la somo

Tuanze na kitu tunachokijua. Andalio la somo linasema: dakika tano za utangulizi, kisha onesha chati ya sehemu za mmea, kisha vikundi, kisha tathmini. Chati yenyewe haimo ndani ya andalio. Iko kabatini. Andalio linasema tu itumike lini na ikae ubaoni kwa muda gani.

Faili la projekti ya video liko hivyohivyo. Ndani yake hakuna video hata sekunde moja. Kuna maelekezo: chukua klipu fulani iliyo kwenye diski D, folda fulani, anzia sekunde ya 12 hadi ya 40, weka maandishi haya juu yake, shusha sauti hapa. Ndiyo maana klipu zako zinaweza kuwa gigabaiti 20 wakati faili la projekti ni kilobaiti mia kadhaa au megabaiti chache tu.

Ukilishika hilo, utaona kipindi kinaweza kukwama kwa sababu tatu. Karatasi ya andalio imeraruka. Au karatasi ni nzima, ila mwalimu aliyepewa hawezi kusoma mwandiko. Au andalio ni zuri na mwalimu ni mzuri, lakini zana hazipo kabatini au zimeharibika. Kwenye kompyuta ni hivi: faili limeharibika, au programu hailielewi faili, au klipu hazipo mahali zilipoandikwa, au zipo na ni mbovu. Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya moja ikipewa nyingine inaongeza ugonjwa.

Dakika kumi za kwanza

Kabla ya kutibu chochote, shika mambo haya matano.

Kwanza, usisevu. Wakati mwingine programu inafunguka ikiwa tupu, au ikiwa na taimulaini iliyokatika nusu, halafu unapoifunga inakuuliza kama usevu mabadiliko. Jibu ni hapana. Ukisema ndiyo, utupu unaandikwa juu ya kazi yako.

Pili, fanya kopi ya faili lilivyo, hata kama limeharibika. Liweke kwenye diski nyingine na ufanye majaribio kwenye kopi tu. Mgonjwa mwenyewe aachwe alale.

Tatu, kama faili lilikuwa kwenye flashi na sasa halionekani au linaonesha ukubwa wa sifuri, acha kuandika chochote kwenye flashi hiyo. Usiweke wimbo, usihamishie notsi. Data iliyofutika mara nyingi bado ipo hadi iandikwe nyingine juu yake, na programu za bure kama Recuva au PhotoRec zinaweza kuitafuta.

Nne, usifute programu ili uiweke upya, hasa kwenye simu. Kwa anayetumia CapCut ya simu, kazi ambayo haijakamilika inakaa ndani ya programu yenyewe. Ukiifuta programu, au ukifuta data zake kwenye mipangilio ya simu, kazi inaondoka nayo, isipokuwa kama ulikuwa umeihifadhi mtandaoni.

Tano, piga picha meseji ya kosa. Watu huja na maelezo ya "imeandika tu vitu vya kizungu." Vitu hivyo vya kizungu ndiyo dalili. Daktari hawezi kukutibu kwa kuambiwa tu kwamba unaumwa.

Limegoma namna gani?

Sasa uliza swali moja: linagoma kabisa, linafunguka bila picha, au linafunguka kisha programu inajifunga? Majibu hayo matatu yanakupeleka njia tatu tofauti.

Njia ya kwanza: linagoma kabisa

Hapa anza kwa kuhakikisha ulichonacho ni faili lenyewe. Usicheke. Kompyuta za steshenari na za maabara zimejaa virusi vinavyoficha mafaili kwenye flashi na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtu anakopi, anaenda nyumbani, kumbe amebeba njia ya mkato ya kilobaiti moja au mbili. Faili halisi bado liko kwenye flashi, limefichwa. Safisha kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua Command Prompt na uandike hivi, ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Amri hiyo haifuti kitu. Inaondoa tu alama za kufichwa, na mafaili yanaonekana tena.

Pia iambie Windows ioneshe herufi za mwisho za majina ya mafaili, kwa sababu kwa kawaida inazificha. Faili la Premiere Pro linaishia na .prproj, la Kdenlive na .kdenlive, la Shotcut na .mlt, la OpenShot na .osp. Kama lako linaishia na kitu kingine, huenda umeshika jirani yake wa folda moja.

Ukishathibitisha kwamba ni lenyewe, tazama ukubwa. Kama ni sifuri, karatasi ni tupu. Nenda kwenye nakala za akiba, nitazieleza hivi punde. Kama ukubwa ni wa kawaida, lifungue kwa Notepad++. Mafaili ya Kdenlive na Shotcut ni maandishi ya kawaida ya aina ya XML, kwa hiyo unapaswa kuona mistari inayosomeka, na majina ya klipu zako humo ndani. Ukiona neno NUL limejirudia kutoka juu hadi chini, faili limejaa sifuri tupu. Hiyo ni alama ya umeme kukatika au kompyuta kuzima ghafla wakati wa kusevu: nafasi ilishatengwa kwenye diski, maandishi hayakufika. Faili la namna hiyo halina cha kuokoa. Usipoteze usiku nalo.

Faili la Premiere Pro ni tofauti kidogo. Nalo ni XML, lakini limebanwa kwa gzip, kwa hiyo kwenye Notepad++ litaonekana kama takataka hata likiwa zima. Lipime kwa 7-Zip. Likikubali kukunjuliwa na likatoa maandishi yanayosomeka hadi mwisho, karatasi haijararuka. 7-Zip ikilalamika kwamba data ina makosa, basi imeraruka.

Sasa nakala za akiba. Premiere Pro hutunza nakala zake kwenye folda inayoitwa Adobe Premiere Pro Auto-Save, ambayo kwa kawaida hukaa pembeni ya faili la projekti. Kdenlive ina amri ya Open Backup kwenye menyu ya File, inayokuonesha nakala kwa tarehe na saa. Chukua ya karibuni iliyo nzima, ikopi nje ya folda hiyo, kisha uifungue. Utapoteza dakika kadhaa za kazi badala ya siku tatu. Fanya hivyo mapema, kwa sababu nakala hizo zina idadi maalumu: ikifika, ya zamani inapisha mpya. Mtu anayeendelea kuhangaika na projekti mbovu huku programu inajisevia anaweza kuzisukuma nje nakala nzuri moja baada ya nyingine.

Kama faili ni zima ila programu inasema limetengenezwa na toleo jipya zaidi, hapo tatizo ni mwalimu asiyejua mwandiko. Karibu programu zote za kuediti zina tabia hii: toleo jipya linasoma kazi ya zamani, toleo la zamani halisomi kazi mpya. Kdenlive, kwa mfano, ilibadilisha muundo wa faili lake kwenye toleo la 20.08, na kazi za kuanzia hapo hazirudi nyuma. Dawa bora ni kutafuta kompyuta yenye toleo hilo au la juu yake. Kama huna, kwa Premiere Pro kuna njia ya mlango wa nyuma. Kunjua kopi ya faili kwa 7-Zip, fungua maandishi yake kwa Notepad++, tafuta mstari wa juu unaoanza na Project ObjectID="1" na wenye neno Version pamoja na namba. Badilisha namba hiyo iwe 1. Sevu kwa jina jipya linaloishia na .prproj, kisha lifungue. Programu italichukulia kama faili la zamani sana na itaomba kulibadilisha, kubali. Vitu ambavyo toleo lako halivijui vitapotea, na mara nyingine njia hii inakataa. Lakini mikato yako, yaani ile kazi ya usiku tatu, mara nyingi inarudi.

Na kama faili la Premiere Pro ni zima, toleo ni sawa, bado linagoma, jaribu kuingilia dirishani. Fungua projekti mpya tupu, nenda File, kisha Import, na uchague ile projekti iliyogoma kana kwamba ni klipu. Mara nyingi yaliyomo huingia yote, na sehemu iliyokuwa inaleta shida inabaki nje.

Njia ya pili: linafunguka, picha hakuna

Hii ndiyo inayotisha zaidi na ndiyo nyepesi kuliko zote. Taimulaini iko kamili, lakini kila klipu ni nyekundu au imeandikwa kwamba haipo. Mwenyewe anadhani video zimefutika. Kumbuka andalio: linasema chati iko kabatini, rafu ya pili. Umehamisha kabati.

Sababu ya kwanza kwa wanafunzi ni herufi ya diski. Jana hadi ya nje ilikuwa E, leo umechomeka flashi kwanza, imekuwa F. Klipu zipo, anwani imebadilika. Sababu ya pili ni kubadilisha majina ya folda baada ya kuanza kuediti. Ya tatu ni kumtumia mwenzako faili la projekti peke yake kwa WhatsApp. Umemtumia andalio, zana umebaki nazo.

Dawa ni kuiambia programu zana zilipo. Kwenye Premiere Pro amri inaitwa Link Media. Ukiipata klipu moja, nyingine zilizo kwenye folda hiyohiyo hujipata zenyewe. Shotcut inakuletea orodha ya mafaili yaliyopotea mara tu unapofungua projekti. Usichague klipu inayofanana tu, chagua ileile. Na hapa WhatsApp ina mtego wa pili: video ikitumwa kama video inabanwa na kupewa jina jipya, kwa hiyo ubora unashuka na programu haiitambui. Klipu zitumwe kama dokumenti, au zihamishwe kwa flashi.

Ukitumia flashi, angalia imefomatiwa vipi. Iliyo FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Kipindi cha dakika 40 kilichorekodiwa kwa ubora mkubwa kinapita hapo bila shida. Mtu anaona mafaili mengine yamekopiwa, anadhani yamekwenda yote, kumbe lile kubwa limekataliwa. Flashi ya exFAT haina tatizo hilo.

Kuna nyakati ambapo klipu ipo mahali pake na bado haionekani. Iangalie kama inatoka kwenye iPhone. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu hizo, zile zenye uwezo huo, hurekodi kwa HEVC zikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, na kompyuta nyingi za maabara haziuelewi mfumo huo. Ibadilishe klipu iwe H.264 kwa programu ya bure kama HandBrake, kisha iunganishe upya.

Njia ya tatu: linafunguka kisha programu inajifunga

Hapa andalio linasomeka, ila kuna zana moja inayomwangusha mwalimu kila akiigusa. Kazi yako ni kuipata.

Badilisha kwa muda jina la folda yenye klipu zote, kwa mfano liwe "klipu_x", halafu fungua projekti. Programu haitazipata klipu, itafungua taimulaini tupu ya picha. Kama sasa imetulia bila kujifunga, mhalifu ni mmoja wa klipu. Rudisha nusu ya klipu, jaribu. Ikijifunga, mhalifu yuko kwenye nusu hiyo. Isipojifunga, yuko kwenye nusu nyingine. Endelea kugawa nusu kwa nusu. Hata ukiwa na klipu 64, utampata kwa majaribio sita.

Kama inajifunga hata bila klipu, shuku programu yenyewe. Angalia kwanza kama diski imejaa, maana programu hizi zinahitaji nafasi ya kuweka mafaili yake ya muda. Kwenye Premiere Pro, shikilia kitufe cha Alt wakati wa kuiwasha ili mipangilio irudi ya mwanzo. Kama bado, fungua projekti mpya, chagua kurenda kwa Software Only ili kadi ya picha ipumzike, kisha uingize ile ya zamani kwa Import kama nilivyoeleza.

Kwa wanaotumia DaVinci Resolve

Nyinyi mna somo lenu. Resolve haihifadhi projekti kama faili lililo wazi kwenye folda. Inaiweka ndani ya maktaba yake. Kwa hiyo aliyekopi folda ya klipu na kwenda nayo maabara hajabeba projekti. Lazima utumie Export Project, ikupe faili la .drp, au Export Project Archive, ambayo inabeba projekti pamoja na klipu zake. Nakala za akiba unazipata kwa kubofya kulia kwenye dirisha la projekti na kuchagua Project Backups, ila hakikisha mapema kwamba imewashwa kwenye mipangilio. Na habari ya toleo ni ileile: kazi ya toleo jipya haifunguki kwenye la zamani.

Kisa cha kundi la watu watano

Muhula uliopita, kiongozi wa darasa letu alinipigia saa tatu usiku. "Kaka, njoo chumba cha kusomea. Kuna mtu ametuharibia kazi." Nilikuta kundi la watu watano wa mwaka wetu. Kazi ilikuwa video ya kipindi cha kusoma kwa ufahamu, ya kukusanywa kesho yake saa nne asubuhi, na alama ni za kundi zima.

"Mtu" aliyetajwa alikuwa dada mmoja aliyekaa pembeni kimya. Ndiye aliyeediti peke yake. Wikiendi ile alikwenda kwa binamu yake kwa sababu kule kuna umeme wa uhakika, akamalizia kwenye kompyuta ya kule. Aliporudi, faili likagoma kwenye kompyuta ya maabara. Wenzake wakashaanza hesabu. Mmoja alisema alifungua faili bila kujua anachofanya. Mwingine alisema amefanya makusudi, kwa kuwa alishalalamika kwamba anaachiwa kazi. Kulikuwa na pendekezo la kumwandikia mhadhiri ujumbe wa kumtaja.

Niliomba kuona meseji ya kosa. Ilisema wazi kwamba projekti ilisevuwa na toleo jipya zaidi. Nililipima faili kwa 7-Zip: zima, hadi mstari wa mwisho. Tulifanya kopi, tukabadilisha namba ya toleo, likafunguka. Klipu zote zilikuwa nyekundu, kwa sababu hadi ilikuwa imebadilika herufi. Tukaziunganisha kwa dakika kama mbili. Vilivyopotea ni vichwa viwili vya maandishi na mpito mmoja. Yule dada akaviweka tena mwenyewe, na saa tano kasoro walikuwa wanarenda.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu ya ule ujumbe ambao nusura utumwe. Watu wanne hawakuwa na kopi hata moja ya kazi yao, na hawakujua faili la projekti ni kitu gani. Mtu pekee aliyekuwa amefanya kazi ndiye aliyekuwa anaelekea kulaumiwa, na kosa lake ni kwamba kompyuta ya binamu ilikuwa mpya kuliko ya maabara. Kusoma meseji moja ya kosa kulimrudishia heshima yake kabla hata projekti haijafunguka. Sisi tutakuwa walimu. Kumwadhibu mtoto kabla ya kujua kilichotokea tunakatazwa darasani. Tusifanye hivyo kwa wenzetu.

Kinga

Faili la projekti ni dogo, kwa hiyo huna kisingizio. Kila unapomaliza kuediti kwa siku hiyo, jitumie kopi kwenye barua pepe. Hata bando dogo linatosha. Ipe namba: somo_01, somo_02, somo_03. Hayo majina ya "mwisho", "mwisho_kabisa" na "mwisho_kweli2" yanachanganya hata mwenyewe.

Klipu zikae kwenye folda moja pamoja na faili la projekti tangu siku ya kwanza, na folda ihamishwe nzima. Kukabidhiana, tumieni amri za kukusanya: Project Manager kwa Premiere Pro, Archive Project kwa Kdenlive. Kundi likubaliane toleo moja la programu kabla ya kukata klipu ya kwanza. Flashi itolewe kwa utaratibu, isichomolewe. Na mfuate kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja iwe mbali na ulipo.

Jipime

1. Faili la .mlt lina kilobaiti 340. Ukilifungua kwa Notepad++ unaona NUL tupu. Ufanye nini?
2. Rafiki amekutumia faili la .prproj kwa WhatsApp. Linafunguka, klipu zote nyekundu. Umwombe nini, na akitume vipi?
3. Projekti inajifunga kila ikifunguka, lakini ukificha folda ya klipu inatulia. Una klipu 16. Utampata mhalifu kwa majaribio mangapi?
4. Programu imefunguka tupu, inauliza kama usevu. Unajibuje?

Majibu: (1) Achana na faili hilo, tafuta nakala ya akiba. (2) Klipu zenyewe, kama dokumenti au kwa flashi. (3) Manne. (4) Hapana.

Ukipata yote, bado hujamaliza. Ifungue folda ya kazi mnayoifanya sasa na uhesabu mna kopi ngapi, na ziko kwa nani. Kama zote ziko kwa mtu mmoja, mpigieni leo, tena si kwa kumlaumu. Muulizeni anahitaji flashi ya ukubwa gani.